Mji wa Alès na Mdudu wa Hariri



Kusini mwa nchi ya Ufaransa, mahali ambapo milima ya Cévennes inakoma na nchi tambarare inaanza, upo mji uitwao Alès. Mto wake ni Gardon. Wakati wa kiangazi maji ya mto huo huwa haba, hata mawe ya chini huonekana. Lakini mvua kubwa za vuli zikinyesha milimani, hufurika kwa ghafula na kuwatia watu hofu. Zamani jina la mji liliandikwa Alais, na mwaka 1926 ndipo lilipobadilishwa kuwa Alès. Leo wakaa humo watu zaidi ya 40,000.

Alès si mji mkuu, wala si bandari, wala hauna jumba la kifalme. Ni mji wa wakulima, mafundi na wachimbaji. Lakini habari zake zastahili kusimuliwa, maana mji huu umepata kupoteza mara tatu kile ulichokitegemea, na kila mara ukalazimika kutafuta njia nyingine ya kuishi. Tena katika mojawapo ya taabu hizo, msaada ulipatikana kwa sababu mwana mmoja wa mji, aliyekwisha kuwa mtu mkubwa mbali na kwao, hakuwasahau watu wa kwao.

VITA VYA DINI

Katika karne ya 16 watu wengi wa Alès na wa milima ya Cévennes walishika madhehebu ya Kiprotestanti, hali wafalme wa Ufaransa walikuwa Wakatoliki. Vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu miaka mingi. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne alitoa amri katika mji wa Nantes, akawapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu mahali palipotajwa, na kushika miji kadhaa yenye ngome kwa ajili ya usalama wao.

Mwanawe, Mfalme Louis wa Kumi na Tatu, pamoja na waziri wake Kardinali Richelieu, hawakuridhika kuona miji yenye majeshi yake yenyewe ndani ya ufalme. Mwezi wa Juni 1629 jeshi la mfalme liliuzingira mji wa Alès. Mji ukajisalimisha, na tarehe 28 Juni yakaandikwa mapatano yajulikanayo mpaka leo kwa jina la Amani ya Alès. Kwa mapatano hayo Waprotestanti walinyang'anywa ngome zao na majeshi yao, bali waliachiwa uhuru wa kuabudu.

Uhuru huo nao haukudumu. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne aliufuta. Makanisa ya Waprotestanti yalibomolewa, na wachungaji wao wakafukuzwa nchini. Maelfu ya watu wa Ufaransa walikimbia makwao. Wafumaji wa hariri walikwenda London, wakakaa katika mtaa wa Spitalfields. Wengine walifika hata Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, ambako majina ya Kifaransa yangali yakisikika katika uzao wao. Waliobaki katika milima ya Cévennes waliabudu kwa siri, usiku, mapangoni na maporini.

Mwaka 1702 watu hao wa milimani walishika silaha. Kiongozi wao aliyesifika kuliko wote ni Jean Cavalier, aliyezaliwa mwaka 1681 katika kijiji cha Ribaute, karibu na Alès. Alikuwa mwanagenzi wa mwoka mikate, wala hakusomea vita. Hata hivyo yeye na wenzake waliwasumbua majemadari wa mfalme kwa muda wa miaka miwili. Mwaka 1704 alipatana nao, akaihama nchi, akaingia katika jeshi la Waingereza. Alikufa mwaka 1740, akiwa naibu wa gavana wa kisiwa cha Jersey. Lakini uhuru wa dini haukurudishwa na bunduki za Cavalier. Ulianza kurudi kwa sheria ya mwaka 1787, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuandikisha ndoa zao na vizazi vyao, na ukakamilishwa na Mapinduzi ya mwaka 1789.

MTI WA DHAHABU

Watu wa milimani walipokuwa wamezuiliwa mambo mengi, walijitia kwa bidii katika kazi za mikono. Udongo wa Cévennes ni haba na wenye mawe. Chakula cha maskini kilikuwa njugu za miti mikubwa ya milimani, ambazo walizikausha juu ya moshi na kuzisaga unga. Kipupwe cha mwaka 1709 kilikuwa kikali mno, na baridi ikaua miti mingi ya njugu na mizeituni. Hapo wakulima wengi walipanda mti mwingine, nao ni mforsadi, ambao majani yake ndiyo chakula cha mdudu wa hariri.

Mti huo haukuwa mgeni. Tangu mwaka 1600 bwana mmoja mkulima wa upande ule wa kusini, Olivier de Serres, alikuwa amechapisha kitabu kikubwa cha ukulima, na ndani yake akawahimiza watu kupanda miforsadi na kufuga wadudu wa hariri. Sasa shauri lake likafuatwa kila mahali. Watu wa Cévennes wakauita mforsadi kwa jina la mti wa dhahabu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumba nzima. Mayai ya mdudu huyo ni madogo kama mbegu za mchicha, na wafugaji huyaita mbegu. Wakati wa masika wanawake waliyatia katika vifuko vya kitambaa na kuvivaa ndani ya nguo zao, ili joto la mwili liyaangue. Mbegu za uzito wa gramu 25 hutoa wadudu kiasi cha 40,000, na hao hula kiasi cha tani moja ya majani katika muda wa kama mwezi mmoja. Mdudu hujivua ngozi mara nne. Katika siku zake za mwisho hula usiku na mchana bila kupumzika, na sauti ya maelfu wakitafuna pamoja ni kama sauti ya mvua juu ya majani. Kisha hupanda juu ya matawi makavu aliyowekewa, akajifunga ndani ya kifuko cha uzi mmoja usiokatika, ambao urefu wake waweza kupita kilomita moja. Mkulima aliuza vifuko hivyo sokoni, na kwa fedha hizo alilipa kodi, akalipa deni la dukani, akamwoza binti yake.

Kutoka katika mji huo wa wafugaji walitokea wataalamu. Ndugu wawili wa ukoo wa Boissier de Sauvages walizaliwa Alès. Mkubwa, François, aliyezaliwa mwaka 1706, alikuwa mganga na mwalimu katika chuo cha Montpellier, akatunga kitabu cha kuyapanga maradhi kwa aina zake, kama vile wataalamu wapangavyo mimea. Mdogo wake, Pierre-Augustin, aliyezaliwa mwaka 1710, alikuwa kasisi. Yeye aliandika juu ya ufugaji wa wadudu wa hariri, tena akatunga kamusi ya lugha ya wenyeji wa kusini, iliyotolewa mwaka 1756. Padre huyo hakuona aibu kujishughulisha na lugha ya wakulima wala na wadudu wao.

MWANAGENZI WA DUKA LA DAWA

Tarehe 14 Julai 1800 alizaliwa Alès mtoto aliyeitwa Jean-Baptiste Dumas. Alipokuwa kijana aliwekwa kuwa mwanagenzi katika duka la dawa la mjini. Kazi hiyo haikumtosheleza. Mwaka 1816 alikwenda Geneva, katika nchi ya Uswisi, ili aongeze elimu yake, na mwaka 1823 akahamia Paris. Huko alipata sifa kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa kemia katika Ulaya. Baadaye alikuwa waziri wa kilimo na biashara, kisha mjumbe wa baraza la Senati.

Alipofundisha Paris, mamia ya watu walijaa ukumbini kumsikiliza. Miongoni mwao alikuwamo kijana mwenye haya, mtoto wa mtengenezaji wa ngozi kutoka mashariki ya Ufaransa. Jina lake Louis Pasteur. Kijana huyo alimpenda mwalimu wake kwa moyo wote, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokuja kuusaidia mji wa Alès.

MARADHI YA PILIPILI

Katikati ya karne ya 19 neema ya hariri ilifikia kilele chake. Mwaka 1853 vifuko vilivyovunwa katika Ufaransa vilikuwa tani 26,000. Lakini maradhi yalikuwa yamekwisha kuingia. Wadudu walikataa kula, wakadumaa, na ngozi zao zikatokwa na madoa meusi kama kwamba wamenyunyiziwa pilipili manga. Kwa hiyo watu waliyaita maradhi hayo pébrine, jina litokanalo na neno la pilipili katika lugha ya kwao.

Wafugaji walinunua mbegu Italia, na Italia nako yakaingia maradhi. Wakanunua Uturuki na nchi za Kaukazi, maradhi yakawafuata. Mwishowe mbegu zilizoaminiwa zilitoka Japani, mwendo wa miezi baharini. Walijaribu kuwafukiza wadudu moshi, na kuwanyunyizia unga wa kiberiti, makaa na dawa za kila namna. Yote yalikuwa bure. Mwaka 1865 mavuno yalikuwa tani 4,000 tu. Watu waling'oa miforsadi, au waliihama milima.

Mwaka huo huo zaidi ya watu 3,500 wenye mashamba walitia sahihi ombi, likapelekwa mbele ya Senati. Aliyeshughulika nalo alikuwa Dumas, mwana wa Alès. Alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani, akamsihi aende kusini. Pasteur alijibu kwamba hakupata hata kumgusa mdudu wa hariri. Dumas aliona hilo si kizuizi: asiyejua kitu hana mawazo ya kuyaacha kwanza.

KUULIZA SI UJINGA

Pasteur alisafiri mwezi wa Juni 1865. Katika mji wa Avignon alimwendea mwalimu wa shule aitwaye Jean-Henri Fabre, mtu aliyejua tabia za wadudu kuliko wengi. Pasteur aliomba aonyeshwe vifuko vya hariri. Alipopewa, alikiweka kimoja karibu na sikio, akakitikisa, akasema kwa mshangao kwamba kuna kitu ndani. Fabre alimweleza kwamba ndani yumo mdudu mwenyewe, aliyejigeuza kabla ya kuwa kipepeo. Fabre alistaajabu sana kumwona mtu aliyetumwa kuiokoa hariri ya Ufaransa hajui hata neno hilo. Lakini baadaye aliandika kwa heshima juu ya mtu huyo aliyethubutu kuanza bila kujua. Wahenga walisema kweli kwamba kuuliza si ujinga.

Tangu hapo Pasteur alirudi Alès kila mwaka kwa miezi kadhaa. Mwaka 1866 alipanga nyumba nje ya mji, mahali paitwapo Pont-Gisquet. Mke wake na binti yake mdogo walijifunza kuwalisha wadudu na kuchagua mayai. Wasaidizi wake waliamka mapema kama wafugaji wenyewe.

Miaka hiyo ilikuwa ya majonzi kwake. Alikuwa hajakaa Alès hata siku nyingi alipoletewa simu kwamba baba yake ni mgonjwa sana. Alisafiri upesi, asimkute hai. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo alifiwa na mtoto wake Camille, mwenye umri wa miaka miwili. Mwezi wa Mei 1866 alifiwa na Cécile, mwenye miaka 12, kwa homa ya matumbo. Mwezi wa Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto ukapooza. Miezi mitatu tu baadaye alisafirishwa kwenda Saint-Hippolyte-du-Fort, karibu na Alès, apate kuendelea na kazi akiwa hajiwezi.

Je, aligundua nini? Wataalamu wa Italia walikwisha kuona kwa hadubini vijipunje vidogo sana vinavyong'aa ndani ya wadudu wagonjwa. Mwanzoni Pasteur alikosea: alidhani vijipunje hivyo ni matokeo ya ugonjwa tu, wala si asili yake. Antoine Béchamp, mwalimu wa Montpellier, alikuwa amesema mapema kwamba ni kitu chenye uhai kinachomwingia mdudu. Majaribio ya wasaidizi wake yalipomwonyesha Pasteur ukweli, aliliacha wazo lake la kwanza.

Jambo kubwa aliloliona ni hili. Mdudu aweza kuambukizwa katika siku zake za mwisho, akasokota kifuko kizuri kabisa, akatoka kipepeo asiye na alama yoyote ya ugonjwa, naye akataga mayai yaliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo mkulima aliyechagua mbegu kwa kuangalia vifuko vizuri alikuwa akipanda maradhi kwa mkono wake mwenyewe. Macho matupu hayakutosha.

Dawa ya kuwaponya wagonjwa haikupatikana. Lililopatikana ni njia ya kuwazuia wasizaliwe. Kila kipepeo jike aliwekwa peke yake juu ya kipande kidogo cha kitambaa ili atage. Kisha alisagwa pamoja na maji katika kinu kidogo, na tone la maji hayo likatazamwa kwa hadubini. Vijipunje vikionekana, kitambaa na mayai yake hutiwa motoni. Visipoonekana, mayai huhifadhiwa kuwa mbegu ya mwaka ujao. Wakulima walinung'unika kwamba hadubini ni chombo cha mabwana wa vyuoni. Pasteur aliwajibu kwamba katika nyumba yake mtoto wa miaka minane aitumia bila taabu.

MANENO YA WACHUUZI

Kama ilivyo kawaida ya dunia, si wote waliofurahi. Wachuuzi waliokuwa wakipata faida kwa kuuza mbegu za nchi za mbali walieneza uvumi. Uvumi huo uliwafikia hata jamaa za mke wake, ukisema ati njia ya Pasteur imeshindwa, na watu wa Alès wamemfukuza kwa mawe. Ulikuwa uwongo mtupu.

Pasteur hakupoteza wakati kwa kujibu kila neno. Alichagua kupimwa. Mbegu za aina 14, zilizokuwa tayari kuanguliwa na wenyeji wa Saint-Hippolyte, alizichunguza kwanza, akaandika katika barua kwa meya wa mji ni zipi zitakazofaulu na zipi zitakazoangamia. Majira yalipokwisha barua ilifunguliwa na kulinganishwa na mambo yaliyotokea. Aina 12 kati ya zile 14 zilikuwa kama alivyoandika. Mkulima aliyepoteza mavuno miaka mingi hahitaji hoja zaidi ya hiyo. Mwaka 1870 Pasteur alitoa kitabu chake cha maradhi ya wadudu wa hariri, na njia yake ikaenea Ufaransa, Italia na nchi nyingine.

MAKAA YA MAWE NA SHULE YAKE

Lakini haifai kudhani kwamba mji uliokolewa mara moja kwa milele. Mavuno ya hariri yalipata nguvu tena, bali hayakurudi kufikia kipimo cha mwaka 1853. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na hariri ya Asia ikafika Ulaya kwa bei nafuu. Baadaye zikaja nyuzi za viwandani. Kiwanda cha Saint-Jean-du-Gard, kilichokuwa cha mwisho kuzongoa nyuzi za hariri, kilifungwa mwaka 1965.

Kwa bahati njema mji ulikuwa na mguu wa pili. Katika vilima vya jirani, hasa La Grand-Combe, yalikuwamo makaa ya mawe. Reli ya kuyachukua mpaka Nîmes na mto Rhône ilijengwa kabla ya reli nyingi za Ufaransa, nayo ilikamilika mwaka 1841. Mwaka 1843 ilitolewa amri ya kuanzisha shule ya uchimbaji huko Alès, ili kuwafundisha wasimamizi wa migodi. Migodi nayo imefungwa. Lakini shule ile ingali ipo, na siku hizi hufundisha wahandisi wa kazi nyingi zisizohusu makaa. Twaona hapo jambo la ajabu: mgodi umekwisha, bali shule iliyozaliwa kwa ajili ya mgodi haikwisha.

Yupo na mwandishi ambaye mji huu ulimpa machozi. Mwaka 1857 kijana wa miaka 17 kutoka Nîmes, Alphonse Daudet, mtoto wa mfanyabiashara wa hariri aliyefilisika, aliajiriwa kuwasimamia wanafunzi katika shule ya Alès. Alionewa na wanafunzi, akawa mpweke, akaondoka baada ya miezi michache. Mwaka 1868 aliyatia majonzi hayo katika kitabu chake Le Petit Chose, akaupa mji jina la kubuni, Sarlande.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Dumas alikufa mwaka 1884. Mwaka uliofuata, mwanafunzi wake alipata sifa ya dunia nzima kwa kumchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Na ni wengi waliopona kwa chanjo hiyo wasiojua kwamba mtu yule alijifunza mambo ya maambukizo katika nyumba za wafugaji wa Cévennes, akitazama mdudu mdogo.

Mwaka 1889 watu wa Alès walimsimamishia Dumas sanamu. Pasteur alikuwa mzee na mgonjwa, mguu wake na mkono wake wa kushoto vikiwa bado dhaifu, na safari kutoka Paris ni ndefu. Hata hivyo alikwenda, akasimama mbele ya watu wa mji ule kumheshimu mwalimu wake. Mwaka 1895 Pasteur naye alifariki, na mwaka uliofuata watu wa Alès wakamsimamishia yeye pia sanamu yake.

Basi, huo ndio mji wa Alès. Ngome zake zilivunjwa, hariri yake ilikwisha, makaa yake yalikwisha. Kilichobaki ni kile walichofanya watu wake: mwanagenzi aliyepanda daraja wala asisahau kwao, mgeni asiyeona haya kuuliza, na wakulima waliokubali kuichoma mbegu iliyopendeza machoni ili kuilinda ya mwaka ujao.